Swari la Nafula

Nafula,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kuuliza hali ya mwenzako, kisha unamwambia kwamba wewe hujambo. Hali yako siiulizi. Yangu si nzuri, na sababu ni wewe.

Nimeketi nyuma ya nyumba hapa kijijini Kwanza, mahindi yameanikwa kwenye turubai na kazi yangu leo ni kufukuza kuku. Mume wangu, Baba Njoki, ameenda kutafuta mashine ya kupukuchua, na ninavyomjua atarudi na habari za siasa bila mashine. Kuna watu huwaandikia marehemu wao kwa majonzi. Majonzi ninayo, usidhani sina. Wiki ile uliyozikwa nililia mpaka Njoki akaniuliza kama nimeingiwa na kitu machoni. Lakini leo nimeshika kalamu kwa sababu nakuonea wivu, na hakuna mtu aliye hai ambaye ninaweza kumwambia hivyo asinidhanie mchawi. Nani humwonea wivu mtu aliye kaburini? Ni mimi, Wairimu, rafiki yako.

Nianze na mazishi, maana ndipo ulipoanza kunichokoza. Walikuja wote. Walimu tuliowafundisha, wauguzi, polisi wa dawati la jinsia, maafisa wa watoto, wazee wa kanisa, mpaka akina mama ambao watoto wao walipitia mikononi mwetu na ambao kwa kawaida hawapendi kuonekana nasi hadharani. Boma lenu kule Bungoma lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye miwa. Kila aliyeshika kipaza sauti alikuwa na kisa chake nawe: ulivyomshika mkono, ulivyomchekesha, ulivyomwambia neno ambalo hajalisahau. Halafu yule binamu yako aliyekuwa akiongoza shughuli akatangaza, "Sasa tuite msaidizi wake, yule alikuwa anamsomea sheria."

Msaidizi, Nafula. Mafunzo haya tuliyaanza pamoja, wewe na mimi, katika ule ukumbi wa kanisa pale Kitale ambao siku za kawaida ni chekechea. Ni sisi wawili tuliozunguka tukiwaomba wakuu wa shule na vituo vya polisi watupe watu wao, tuwafundishe jinsi ya kumpokea mtoto aliyeumizwa na jinsi ya kusimama na familia yake bila kuivunja zaidi. Nilienda mbele nikasema ulikuwa mtu mwema, nikarudi kuketi. Walinipigia makofi ya adabu, yale wanayopigiwa watu wa serikali.

Basi nikajiambia, mazishi ni mazishi, watu husahau. Hawakusahau. Masomo yameanza tena na nusu ya sehemu yako nimepewa mimi. Siku ya kwanza nikaingia na karatasi zangu, nikasalimia, na kabla sijaandika ubaoni mwalimu mmoja kutoka Moi's Bridge, ambaye aliwahi kupita mikononi mwako kwenye semina fupi, akanyoosha mkono. Akasema, kwa heshima zote, Madam Nafula alikuwa anaanza na wimbo. Siku ya pili nikaambiwa Madam Nafula alikuwa anawaacha watu wapumzike mvua ikianza kupiga mabati, badala ya kupayuka juu yake. Siku ya tatu nikaambiwa Madam Nafula alikuwa analeta ndizi. Nikanunua ndizi. Zilikuwa mbichi kidogo, na nyuso zao zikaniambia kwamba zako zilikuwa mbivu.

Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Wewe hupo, na yote ni yako.

Na wivu huu si wa jana. Ulipokuwa hai nilikuwa nao, ila nilikuwa naufunika kwa kukurekebisha Kiswahili. Ukiingia darasani ulisema tu "Niaje," na watu wazima wenye mvi wakacheka kabla hujaketi. Mimi nikiingia wanafungua madaftari. Sehemu yangu ilikuwa sheria na taratibu: mtoto apelekwe wapi kwanza, nguo zisifuliwe, taarifa iandikweje, na kwamba jambo kama hili halimalizwi nyumbani kwa fidia ya mbuzi na kreti ya soda. Ni mambo ya muhimu. Bila hayo kesi inaanguka na mtoto anarudi kulala nyumba moja na aliyemwumiza. Lakini hakuna aliyewahi kutokwa na machozi kwa sababu ya taratibu, na kwako walitokwa na machozi kila wiki.

Hata viti vilikupenda. Tuliketi kwenye viti vya chekechea kwa sababu vingine havikuwapo, na mimi nikaandika barua ya malalamiko. Wewe ukageuza viti hivyo kuwa somo. Ukawaambia kwamba mtu mzima akikaa chini namna ile, mtoto hahitaji kuinua shingo kumtafuta. Barua yangu ikabaki mfukoni, na tangu hapo kila anayekuja kutukagua anapiga picha za polisi wakiwa wamekaa magoti masikioni.

Halafu ile r yako. Sisi Wakikuyu l haimo katika ndimi zetu, mimi niliitafuta herufi ile kwa jasho, kwa fimbo za mwalimu wa darasa la pili, mpaka nikaweza kusema "lala" bila kusema "rara." Wewe uliyezaliwa Bungoma, mwenye l katika lugha ya mama yako, uliitupa ovyo njiani na kuokota r popote ulipoikuta. "Mtoto akitaka kuria, mwache arie. Wewe si fundi wa mfereji." Nilikurekebisha mbele ya darasa, nikasema ni kulia, alie. Ukasema asante Mwarimu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Leo kuna wauguzi wenye shahada wanaosema "mwache arie" kwa r, makusudi, kama salamu yao. Ya kwangu yenye l hakuna anayeikumbuka.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonikaa kooni ni swali.

Unakumbuka ile siku, darasa letu la kwanza likiwa bado linaendelea, tulipotoka shule iliyo mbele ya Kiminini? Tuliitwa kwa sababu ya msichana mdogo aliyemwendea mwalimu wake akamwambia, "Nimefanya tabia mbaya na mjomba." Mwalimu akampeleka kwa naibu wa mwalimu mkuu, naibu akaita mzazi, na mtoto akachapwa mbele yao kwa sababu ya tabia mbaya. Hakuna aliyemuuliza kitu kingine. Naibu alikuwa bado anatueleza kwa uchungu jinsi watoto wa siku hizi wamepotoka, na wewe ulikuwa umekaa kando yangu ukichora maua pembeni mwa karatasi, kama kawaida yako.

Tulipofika stejini Kiminini, pale panaposimama matatu, tukanunua mahindi ya kuchoma. Nilikuwa na hasira za kutosha kuchoma mengine. Nilianza kusema, na nilisema kwa sauti, mpaka yule mama wa mahindi akaacha kupepea makaa. Nilisema sisi wenyewe ndio tunaowaharibia watoto ushahidi. Mtu mzima anaona haya kulitaja jambo kwa jina, analiita tabia mbaya, halafu anamfundisha mtoto neno hilo hilo moja. Siku mtoto akiumizwa hana neno jingine la kutumia, kwa hiyo akifungua mdomo anajishtaki mwenyewe. Nikanyoosha gunzi langu kuelekea shuleni nikauliza, "Sasa hiyo tabia ilikuwa ya nani?"

Uliacha kutafuna. Hindi lako lilikuwa bado nusu, nawe ulikuwa mtu wa kula mpaka gunzi, ukalifunga kwenye karatasi ukalitia kwenye mkoba na ukawa kimya mpaka Kitale. Nilidhani umekasirika kwa sababu nimekupigia kelele mbele za watu. Nikangoja uniambie, hukuniambia, na mimi nikanuna vizuri sana mpaka Jumapili.

Jumatatu ukaingia darasani, ukaketi kwenye kile kiti cha chekechea, ukasema leo wewe ni mtoto wa darasa la nne na Sajini atakuhoji. Yule Sajini mkubwa wa Kitale, ambaye magoti yake yalikaribia masikio. Ukamwambia kwa sauti ndogo kwamba umefanya tabia mbaya. Akakuuliza lini, wapi, na nani, nani alikuwepo, kila swali nililomfundisha mimi, na wewe ukatazama sakafu tu. Alipoishiwa mkabadilishana viti. Akawa yeye mtoto. Ukamwinamia, ukangoja, ukamuuliza taratibu, "Hiyo tabia irikuwa ya nani?"

Sajini akavua kofia. Sijui kwa nini alivua kofia, lakini hakuna aliyecheka. Tulisikia watoto wa chekechea wakiimba uwanjani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa nikiwa na karatasi zangu za sheria, nikingoja useme kwamba neno hilo ni la Wairimu. Nilijua hata jinsi ambavyo ningetabasamu, kidogo tu, kwa unyenyekevu. Hukusema. Hukunitazama hata mara moja.

Kutoka hapo lilienda lenyewe. Walimu walilipeleka shuleni kwao, wauguzi wakalipeleka zahanati, nikalikuta kwa akina mama wa kanisa, nikamsikia mama mmoja sokoni akimfundisha jirani yake: mtoto akikwambia tabia mbaya usimkaripie, muulize kwanza tabia ilikuwa ya nani, halafu nyamaza usikie. Na wote wanaliita jina moja, kwa r yako: Swari la Nafula. Nilipolisikia mara ya kwanza nilikutazama. Ulikuwa unamenya ndizi.

Ningekuambiaje? Nirudishie swali langu? Tulikuwa watu wazima wenye watoto. Kwa hiyo nilikugombeza kwa mambo mengine. Nilikugombeza kwa kuchelewa, kwa kupoteza mwavuli wangu, kwa kupenda makofi. Siku moja nilikuambia wazi kwamba huwezi kuishi bila watu kukulilia, na wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta. Nikadhani unanidharau.

Sasa fikiria, baada ya wewe kufa, mratibu wetu ananiita na kuniambia wameamua kuandika mwongozo wa walimu wa mafunzo haya ili yasitegemee mtu mmoja mmoja. Vizuri, nikasema. Sura ya tatu niiandike mimi, akasema, kwa sababu nilikuwa karibu nawe. Akanipa karatasi ya kwanza iliyopigwa chapa na yule karani wetu wa Webuye, na kichwa cha sura kilikuwa kimeandikwa kwa herufi nzito: SWARI LA NAFULA. Nikakisoma tena. Jina si la kweli na herufi si ya kweli, na vyote viwili vilikuwa vyako.

Nilimwambia Baba Njoki. Ni mtu wa mkato, unamjua. Akasema, "Si utoe jina lake uweke lako? Kwani atakuja kukushtaki?" Nilimwambia mambo hayaendi hivyo. Akasema kama hayaendi hivyo basi nimwache amalize chai. Lakini maneno yake yalinikaa. Mwongozo ukishapigwa chapa, watu wa Kitale na wa Bungoma na wa mbali zaidi watafundishwa kwamba swali lile lilitoka kwako, na wajukuu wangu wakija kuusoma hawataniona ndani yake popote. Niliamua kwamba Ijumaa, kwenye mkutano wa kupitisha sura, nitasimama niseme ukweli. Nilihitaji shahidi tu.

Ndiyo maana nikaenda Bungoma kwa Chebet.

Chebet nilikuwa namwonea wivu tayari, kwa hiyo haikuwa safari ya furaha. Alikuja darasa letu la kwanza kabisa kutoka kule juu mlimani, muuguzi mpya, msichana wa kukaa pembeni. Wewe ukamwokota. Ukawa unakula naye mchana, unamwita mdogo wangu, unamtuma yeye simu yako ilipoisha chaji. Nilikuwa nafungua chakula changu peke yangu nikisema napenda utulivu. Sasa anafanya kazi kituo cha afya pale mjini, na mratibu amempa nusu ya siku zako, nusu nyingine ni mimi.

Alinikaribisha nyuma ya kituo, kwenye benchi, akaleta chai kwenye vikombe vya bati. Nikamwambia yote. Kiminini, mahindi, naibu, Sajini, kofia. Nilimwambia kwamba alikuwepo darasani siku ile na ninataka asimame nami aseme lile swali si lako. Hakunikatiza hata mara moja. Alisikiliza vile ulivyowafundisha kusikiliza, mikono magotini, bila kutikisa kichwa ovyo, na ilinikera sana kusikilizwa hivyo.

Nilipomaliza akasema, "Alisema utakuja."

Nikamuuliza nani.

"Madam. Akiwa kitandani, wakati figo zilikuwa zimekataa. Alisema siku Wairimu ataanza kupigania hiyo swali, nikuambie. Ukikaa bila kupigania, niwachane na wewe."

Nafula, nilishika kile kikombe kwa mikono miwili.

Akaniambia. Katika darasa letu lile la kwanza, baada ya siku ya Sajini, kulikuwa na zoezi lililomshinda, akatoka nje akilia, nawe ukamfuata mpaka kwenye tangi la maji. Pale ukamwambia jambo lako ili lake lisimwogopeshe. Kwamba ulikuwa darasa la nne. Kwamba kulikuwa na mtu mzima aliyekufanyia ubaya, ukaenda nyumbani ukasema kwa neno ulilokuwa nalo, kwamba umefanya tabia mbaya, na ukachapwa wewe. Kwamba ulikua ukiamini hivyo, ukaolewa ukiamini hivyo, ukaanza kufundisha wengine ukiwa bado unaamini hivyo kuhusu nafsi yako mwenyewe. Halafu Chebet akasema maneno yako kama ulivyoyasema, mpaka na r zake:

"Siku moja Wairimu akauriza hiyo tabia irikuwa ya nani. Hakuwa anauriza mimi, arikuwa anagombeza mahindi. Rakini ni mimi nirijibu."

Chebet alikuuliza kwa nini basi hukuniambia mimi. Ukamwambia, "Nikimwambia ataanza kuniongeresha na ile sauti ya darasa. Hawa wote wananibembereza. Ni yeye tu ananigombeza kama mtu mzima."

Nataka nikuambie kwamba nililia. Nililia, lakini baadaye. Kwanza nilikasirika. Jambo la kwanza lililonipanda kichwani ni kwamba ulimwambia Chebet. Msichana uliyemjua wiki mbili! Mimi niliyekuzalisha yule mtoto wako wa pili ndani ya gari la kuazima, niliyelala sakafuni kwenu mume wako alipougua, mimi nikabaki nje na mahindi yangu. Nilimwonea Chebet wivu pale pale, akiwa anafuta macho. Nilimwonea wivu kwa kujua jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angetamani asilijue. Yeye aliniona, nadhani, kwa sababu alinisogezea sahani ya mandazi na kutazama upande mwingine.

Siku zilizofuata nilikuwa nikipita kwenye kumbukumbu zangu kama mtu anayetafuta funguo. Miaka yote ile nilisimama ubaoni nikiandika dalili: mtoto anayewafurahisha watu kupita kiasi, mtoto anayecheka haraka, mtoto anayenyamaza ghafla katikati ya jambo la kawaida. Niliziandika kwa mwandiko mzuri. Na wewe ulikuwa umekaa kando yangu unachora maua. Halafu nikakumbuka jinsi ulivyocheka ukashika ukuta siku niliyokuambia unapenda makofi, nikakumbuka na ile ya mwavuli, na ile ya kuchelewa, na zile nyingine zote. Hukuwa unanidharau. Ulikuwa unapumzika. Wengine wote walikuja kwako wakitaka kitu, au wakitaka kukushukuru, na mimi nilikuja nikitaka mwavuli wangu.

Ijumaa ikafika. Mratibu akasoma vichwa vya sura kimoja kimoja, akafika cha tatu, akauliza kama kuna mwenye neno. Nikanyoosha mkono. Chebet, ng'ambo ya meza, akatazama ndani ya kikombe chake. Nilikuwa na hotuba yote kichwani, Nafula, nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kuku hawa hawa. Nikasema neno la kwanza lina kosa, ni swali kwa l, si swari. Watu wakaguna, mmoja akasema, "Si tuwachie hivyo, bana, ndiyo vile alikuwa anasema." Nikasema kitabu ni kitabu. Mratibu akarekebisha, kisha akauliza kama jina nalo lina shida.

Nikasema jina ni sahihi.

Na ni sahihi kweli. Mimi nililiuliza tu, nikaendelea kula. Wewe ndiye uliyeulizwa, na ndiye uliyelibeba ukaenda kuwauliza wengine mpaka nguvu zikakuisha. Sikuandika chochote kuhusu tangi la maji wala kuhusu darasa la nne. Siri ya mtoto ni ya mtoto, hata akiwa amezeeka, hata akiwa amekufa. Niliandika tu kwamba swali lilianzia stejini Kiminini, juu ya mahindi ya kuchoma. Baba Njoki alisoma akasema hakuna atakayejua ni mimi. Nilimwambia amalize chai.

Wiki iliyopita nililifundisha. Sikuigiza mtoto, siwezi, sauti yangu haiingii kwenye kiti kidogo. Nililifundisha nikiwa nimesimama, kama sheria: likiulizwa, unanyamaza, ukijibiwa, humkatizi, asipojibu, humkokoti. Walikuwa wakiandika kwa makini. Mzee mmoja wa kanisa kutoka Kiminini akauliza huyu Nafula alikuwa mtu wa aina gani. Watu wote wakanigeukia. Nikasema alikuwa mtu wa kuchelewa sana, na mwavuli wangu hajaurudisha mpaka leo. Wakacheka, Nafula. Darasa langu lilicheka. Nikaonja kidogo kile ulichokuwa unakula kila siku, na nikuambie ukweli, ni kitamu, na nikakuonea wivu upya.

Baba Njoki amerudi, nasikia sauti yake barabarani, na sisikii mashine. Lazima nimalize.

Kwaheri, mwenzangu. Somo lako nitalifundisha kwa jina lako na kwa l yangu. Chebet nitajaribu kula naye mchana, ingawa hatakaa mahali pako na ninamwambia hivyo kila mara. Na kuhusu ile sauti ya darasa, naahidi hutaisikia kwangu kamwe, wala kwa barua, wala nikisimama pale kwenye miwa mbele ya kaburi lako. Nitakugombeza mpaka na mimi nizikwe.

Naanza sasa. Ulipokaa kimya pale Kiminini ulikuwa unajibu, na mimi niliyeuliza sikusikia kitu, nilikuwa nimeshughulika kununa. Ungenishika mkono. Ungenitupia hilo hindi. Ungesema lolote, kwa r zote ulizotaka, nami ningekuambia pale pale stejini, mbele ya mama wa mahindi na kila mtu aliyekuwa akipita, yale ninayokuambia leo ukiwa umechelewa tena: haikuwa yako, mjinga wewe. Ulikuwa mtoto wa darasa la nne. Haikuwa yako hata kidogo.

Ni mimi,
Wairimu